Kiingereza cha Mvua ya Mawe

Mikono ya Mwalimu ndiyo ninayoikumbuka kwanza, na sitajifanya kwamba nilianza na moyo wake. Moyo sikuwahi kuonyeshwa. Mikono niliiona miaka yote minne ya sekondari, halafu nikaendelea kuiona juu ya ua wa kayaba, kwa sababu mwalimu wangu wa Kiingereza alikuwa pia jirani yangu wa upande wa barabara. Watu wengine humaliza shule wakaachana na walimu wao. Mimi wangu nilimwona kila asubuhi nikitoka kwenda chooni.

Ilikuwa mikono mikubwa, yenye vidole virefu na kucha safi kuliko za mtu yeyote anayechuma chai hapa Sosiot. Alikuwa na chai yake pia, na chai hiyo ndiyo shida yangu. Inakaa kati ya boma langu na barabara. Zamani kulikuwa na kinjia kando yake. Ukitoka kwangu na kikapu, ulifika kituo cha kununua majani kabla hujamaliza kufikiria utamwambia karani nini. Mwaka niliomaliza shule, Mwalimu alikifunga kwa kayaba, ile yenye miiba ya kutoboa gurudumu. Tangu siku hiyo tunashuka bondeni, tunavuka mto juu ya magogo, tunapanda matope mekundu upande wa pili, na tukifika kituoni majani yameshika joto na mimi nimeshika joto zaidi. Karani anayamwaga mezani, anachambua, anayakataa nusu, tunarudi nayo kulisha ng'ombe ambaye hayapendi. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani nimeandika kwa sababu ya kupenda elimu.

Shule yetu ilikuwa ya kutwa, ya harambee, mabati bila dari. Sisi huku mvua haitungoji msimu. Inakuja saa nane mchana, karibu kila siku, na mara nyingi inakuja na mawe. Kiingereza kiliwekwa saa nane. Si bahati mbaya. Mwalimu mwenyewe aliomba vipindi vya mchana ili asubuhi asimamie wachumaji wake. Basi mawe yalipoanza kupiga mabati, ungeweza kumtukana mwenzako wa dawati moja kwa sauti yote na asikusikie. Nilijaribu.

Mwalimu mwingine angekaa angoje ipite. Huyu hakungoja. Aliandika maneno ubaoni, mawili au matatu, halafu akageuka akatuigizia maana. Alipenda ile misemo ya Kiingereza ambayo ukijua neno moja moja hujui kitu. Alituambia siku ya kwanza, kabla mvua haijaanza, kwamba Kiingereza cha vitabu hata kasuku anacho, lakini misemo ndiyo Kiingereza chenyewe, na wengi wetu tungeondoka shuleni bila kukutana nacho. Hapo alinitazama mimi. Sijui aliona nini usoni pangu siku ya kwanza, lakini alichokiona hakukiacha.

"Give up": alitupa jembe ambalo hakuwa nalo, akaketi sakafuni na suti yake. "Look down on": alipanda juu ya dawati langu, daima langu, akanitazama kutoka huko kama mtu anayeangalia kitu alichokikanyaga. "Put up with": aliinama kama aliyebeba kikapu cha majani yaliyolowa, akauma meno, akatembea polepole toka mlangoni hadi dirishani, yaani kuvumilia usichokipenda kwa sababu huna la kufanya. "Turn down": alishika kikombe cha hewa, kiganja kikiangalia juu, akakigeuza kikaangalia chini. Umeletewa kitu, bei, kazi, posa, nawe umekataa. Hiyo aliifanya kwa mkono mmoja, polepole, na uso wake ulipendeza kidogo alipoifanya. Alipenda kukataa.

Baadaye kidole kilikuja kwako. Ulisimama ukapiga kelele sentensi yako, naye akaisoma midomoni. Ukitoa maneno mawili tu, alivuta uzi usioonekana kati ya vidole vya mkono huu na vya mkono ule: sentensi kamili. Ukikosa, alitengeneza sifuri kwa kidole gumba na cha shahada, akaiweka jichoni akakutazama ndani yake. Kisha alikandamiza hewa kwa kiganja: kaa. Ukipata, alikandamiza hewa tu bila sifuri. Ishara ya kusifu haikuwapo. Wenzangu wengine wanadai waliwahi kuiona. Labda ilitolewa siku nilizokuwa mgonjwa.

Hakuchapa. Walimu wa miaka hiyo ya tisini walikuwa na viboko vyao vyenye majina, wengine vimepakwa mafuta. Yeye hakugusa mtu. Nilitamani angegusa. Kiboko kinaisha kabla ya jioni, lakini ile sifuri ilikufuata mpaka nyumbani, ikakaa kwenye ugali. Na hakukosa kipindi. Aliwahi kuja na homa, anatetemeka, akatuigizia "break down", yaani kuishiwa nguvu kabisa, kwa uhalisi ambao haujawahi kupatikana tena. Nayakubali hayo. Mtu anaweza kuwa na bidii na bado akawa sumu, na huyu alikuwa sumu yenye bidii.

Kiswahili alikiita lugha ya kununulia mitumba. Kipsigis alisema ni cha ng'ombe na cha maombi, lakini kila alfajiri nilimsikia akikamua, ng'ombe akirusha teke, naye akimwambia kwa upole ambao hakuna mwanafunzi aliyeupata, "Don't let me down, my dear." Ng'ombe yule alimwangusha karibu kila wiki. Na Mwalimu mwenyewe, pamoja na makuu yake yote, akikasirika sana ulimi ulirudi nyumbani kwao na b zote zikawa p. "Pring that pook," alimwambia kijana mmoja, na darasa zima likatazama chini, mabega yakitikisika. Mimi nilicheka kwa sauti. Ilikuwa siku ambayo mvua haikunyesha.

Nadhani hapo ndipo aliponiwekea akiba, akangoja mazishi ya nyanya yangu.

Nilikuwa kidato cha tatu. Baba aliamua wasifu wa marehemu usomwe kwa Kiingereza kwa sababu mchungaji alitoka mjini Kericho, na kwa sababu karo yangu ilikuwa imeuza fahali na alitaka watu waone fahali alikoenda. Nilikesha nikiandika. Nilitaka iwe na misemo, Kiingereza chenyewe. Nikasimama kando ya jeneza, suti ya mjomba imenimeza, nikasoma kwa sauti ya mvua ya mawe kwamba baada ya kuugua kwa muda mfupi, our beloved grandmother kicked the bucket.

Na mguu ukapanda. Ndivyo nilivyofundishwa. Mwalimu alikuwa ametuigizia kwa ndoo ya kupigia deki, akaipiga teke ikavingirika hadi mlangoni, kisha akalala juu ya meza, macho amefumba. Sisi tuliona teke na kifo. Kwamba ni msemo wa mzaha, usiopelekwa kaburini, hilo halikuwa na ishara, au lilikuwa nayo na mvua ikaifunika. Basi mimi kwa heshima zote nikapiga teke hewani, na vumbi likaruka likatua kwenye maua.

Watu walitulia. Wengi hawakujua Kiingereza, na waliojua kidogo walidhani ni adabu mpya ya shuleni. Shangazi alitikisa kichwa kwa huzuni. Ingeishia hapo. Lakini Mwalimu alicheka, kicheko kimoja kifupi, akasimama katikati ya waombolezaji na kuwatafsiria. Kwa Kipsigis, kile cha ng'ombe na maombi. Aliwaeleza neno kwa neno kijana amesema nini juu ya mama yao, na kwamba Waingereza husema hivyo wakiwa kwenye baa.

Angeweza kunyamaza. Nimelirudia hilo miaka mingi, nikichuma chai, nikilisha kuku. Hakuna mtu aliyekuwa ameumia mpaka yeye alipofungua mdomo. Baba hakuniangalia mpaka jioni, na aliponiangalia alisema tu, "Fahali mzima." Kufikia Jumatatu shule nzima iliniita Ndoo. Mpaka leo kuna watu wenye wajukuu wanaoniita Ndoo na hawakumbuki kwa nini.

Mtihani wa mwisho nilipata D ya Kiingereza, na haikuwa na plus. Nilirudi nyumbani. Wenzangu walienda Nakuru, Nairobi, wengine Londiani kwenye viazi. Mimi niligundua kwamba napenda kikao changu karibu na jiko, chai yangu, na redio ya betri nzee zilizoanikwa juani. Sikuona kitu huko nje kinachoweza kunifanya nipige pasi suruali. Nikaoa. Mke wangu, Mama Chebet, alitoka upande wa Sigowet, na siku ya kwanza ya kubeba majani kupitia mtoni aliuliza kwa nini tunazunguka kama watu walioiba.

"Jirani alifunga njia," nikamwambia.

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Sijamwambia."

"Baba Chebet, ua ni miti. Miti haijipandi, kuna mtu wa kuulizwa."

Akanisukuma mpaka kwenye kayaba. Mwalimu alikuwa upande wa pili, anapogoa. Nikamsalimu, nikamweleza shida ya majani, mtoto mgongoni, matope. Sikuwa nimewahi kumwomba kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliweka panga chini, akainama kama aliyebeba kikapu cha majani yaliyolowa, akauma meno, akatembea hatua chache za polepole kando ya ua. Akanyooka, akachukua panga lake. "Morning, Ndoo," akasema, na akamsalimu mke wangu vizuri kabisa, akamuuliza habari za Sigowet.

"Amefanya nini yule?" Mama Chebet aliniuliza tukirudi.

"Amesema tuvumilie."

"Amesema saa ngapi?"

Nikamweleza ile ishara. Alicheka mpaka akashika mti. Halafu alipokumbuka kikapu bado kiko mlangoni, kicheko kikakatika.

Hivyo ndivyo tulivyoishi naye. Nikimwona, nilihesabu kayaba yake imeongezeka urefu. Akiniona, aliweka sifuri jichoni. Alistaafu, na kustaafu hakukumpunguza. Kisha miaka hiyo ya tisini ikielekea kuisha, alianguka katikati ya chai yake asubuhi moja, na alipotoka hospitali upande mmoja ulikuwa umekufa na ulimi umeenda nao. Nitasema ukweli. Niliposikia hataweza kuongea tena, nilikunywa chai yangu taratibu.

Ukabaki mkono wa kulia. Familia yake haikujua kuusoma. Mkewe ni mama wa kanisa, mpole, hakuwahi kukaa darasani kwake. Kijana wake mkubwa alisomea shule ya bweni mbali na baba yake, jambo ambalo huenda lilikuwa akili ya mama. Kijana huyo alikuwa Nakuru, anataka kufungua duka la vipuri, na mwezi haukupita alikuja kwetu na wazo. Auze kile kipande cha upande wa barabara. Chote, chai, kayaba na kinjia ndani yake.

Mama Chebet alimwekea mursik, maziwa yetu ya mgando, ya kibuyu kile kizuri. Alipoondoka, mke wangu alikaa akitazama ule upande. "Baba Chebet," akasema polepole, "nitapita hapo na viatu vya kanisa." Tuliuza fahali wetu, na safari hii kila mtu angeona alikoenda.

Kilichobaki ni mzee mwenyewe kukubali mbele ya shahidi. Tukaenda Jumapili baada ya ibada: mimi, Mama Chebet na mzee wa kijiji. Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha mbao sebuleni, blanketi miguuni, mkono uliokufa umewekwa juu ya blanketi kama kitu cha mtu mwingine. Alikuwa amekonda. Aliniona nikiingia. Mkono ulio hai ulipanda ukatengeneza sifuri, ukaiweka jichoni.

"Anakusalimu," mkewe akasema kwa furaha. "Siku hizi anasalimu hivyo."

Huku kwetu hakuna neno linaloanza kabla ya chai. Chai ikaletwa, birika kubwa, vikombe vikapangwa. Mama mwenye nyumba alimwacha mumewe bila kikombe.

"Baba," kijana akaanza, "hawa majirani wamekuja kwa ile habari ya shamba. Kile kipande cha barabara. Wako tayari."

Mkono ukatoka juu ya blanketi. Kiganja kikaangalia juu kama kinachoshika kikombe. Kikageuka kikaangalia chini.

"Hataki chai," mama akasema. "Tangu haya maneno ya shamba yaanze amekataa chai kabisa. Kila tukikaa kuongea, anageuza kikombe. Nimeacha hata kumwekea."

"Na kwa shamba hana neno," kijana akasema. "Mzee, umeona. Ametulia."

"Ametulia," mzee wa kijiji akakubali, mdomo umejaa mkate.

Mkono ukarudia. Juu, chini. Sasa ulikuwa umeelekezwa kwangu, na macho yake nayo. Nilijua yale macho. Yalikuwa ya kidole kilichokuja kwako mvua ikipiga.

Ningeweza kunyamaza. Sebule nzima hakuna aliyejua. Njia ilikuwa hapo, fahali ameshauzwa, kiwiko cha Mama Chebet kiko karibu na changu na nilihisi furaha yake kwenye mfupa. Mtu aliyewatafsiria watu makaburini angepata leo kutotafsiriwa. Ilikuwa haki ya kutosha hata kwa mchungaji. Nikashika kikombe changu, nikanywa.

Akarudia mara nyingine, polepole zaidi, kama anavyofanyiwa mjinga wa darasa.

Nataka ieleweke kwamba sikusimama kwa wema. Magoti yalisimama yenyewe. Miaka minne mtu yule aliniuliza, na sasa, kwa mara ya kwanza maishani, aliniuliza kitu ninachokijua.

"Turn down," nikasema.

Wote wakanigeukia. Mwalimu hakutikisika. Vidole vyake vikashuka kwenye mkono uliokufa, vikabana ncha ya kidole cha huko, vikavuta kitu chembamba kutoka hapo mpaka hewani. Sentensi kamili.

"Mwalimu is turning down the offer," nikasema kwa sauti kubwa mno kwa sebule ile.

"Baba Chebet," mke wangu akasema chini chini, "kaa."

"Huyu anasema nini?" kijana akauliza.

Sasa ilibidi nitafsiri. "Anasema hauzi. Hakatai chai, anakataa bei. Amekuwa akiwaambia hivyo tangu mwanzo."

"Nani amekwambia? Hiyo ni kikombe anageuza. Kila mtu anaona ni kikombe."

"Mpe chai basi," nikasema.

Mama alisita, akamimina, akampelekea. Mwalimu alikipokea kama mtu aliyetoka jangwani. Alikunywa yote, nyingine ikamchuruzika kidevuni, akakirudisha, akanyoosha mkono mama amwongeze. Akanywa na hicho. Mama alikaa chini ghafla, leso mdomoni. Wiki zote hizo alikuwa amemnyima chai mkulima wa chai ndani ya nyumba yake. Kisha Mwalimu akafuta kidevu, akamgeukia mwanawe, akashika kikombe cha hewa, akakigeuza.

Mzee wa kijiji alimeza mkate. "Basi hapo kuna neno," akasema.

Kijana alitoka nje akasimama kwenye kayaba. Mimi bado nilikuwa nimesimama katikati ya sebule ya watu, nangoja. Sijui nilingoja nini. Mwalimu alinitazama. Hakukuwa na shukrani katika uso ule, wala aibu, wala kumbukumbu ya mazishi. Kiganja kikapanda, kikakandamiza hewa. Bila sifuri.

Nikakaa.

Tukaaga tukatoka. Tulishuka bondeni, Mama Chebet mbele. Kwenye magogo alivua viatu vya kanisa, akavishika mkononi, akavuka, akaanza kupanda matope. Katikati ya mlima alisimama akanigeukia. Akainama kama aliyebeba kikapu cha majani yaliyolowa, akauma meno, akapanda hatua chache za polepole huku ananitazama.

Sikumwomba sentensi kamili.